Tufundisheni Kukataa Kwanza

Kuna karatasi inayozunguka hapa Osire, imekunjwa mara nne na kuchakaa pembeni, na kila anayepata kibali cha kutoka kwenda kutafuta kibarua anainakili kwanza. Ni ya Kiafrikaans, na waliotayarisha walikuwa na nia njema. Ina salamu, ina shukrani, ina sentensi za mtu kujinadi: Goeie môre, meneer. Ja, meneer. Dankie, meneer. Ek is sterk. Ek kan werk. Ek sal môre kom. Yaani: habari za asubuhi, bwana, ndiyo, bwana, asante, bwana, nina nguvu, kazi naiweza, kesho nitakuja. Nimeisoma mbele na nyuma. Hakuna sentensi hata moja ya kukataa. Neno nie, ambalo huwezi kusikiliza Kiafrikaans dakika mbili bila kulisikia, halimo.

Napinga karatasi hiyo, na napinga zaidi fikira iliyoizaa: kwamba mkimbizi anahitaji lugha ya kukubali tu, ile ya kukataa atajifunza huko mbele ya safari. Huko mbele ya safari ndiko anakodhulumiwa.

Wasomaji wetu wa Dzaleka, Nakivale na Nyarugusu labda wanajiuliza Kiafrikaans kinatuhusu nini sisi watu wa Kivu na Katanga. Tuko Namibia, jamani. Nchi hii ilishikwa na Afrika Kusini tangu 1915 mpaka uhuru wa tarehe 21 Machi 1990. Katiba, katika ibara ya 3, inasema lugha rasmi ni Kiingereza, na ofisini ni kweli. Lakini ukitoka getini ukaenda Otjiwarongo, ukaingia duka la vipuri, au ukashuka kwenye shamba la ng'ombe, Kiingereza cha ofisini unakiacha njiani. Mwenye shamba anaongea Kiafrikaans na msimamizi wake Mdamara, msimamizi anaongea Kiafrikaans na kibarua Mwambo au Mherero, na wewe Mkongomani umesimama katikati unasema ja, ja, ja.

Najua hoja ya kwanza nitakayopigwa nayo. Batu banasema: hiyo ni lugha ya makaburu, tuiache ife yenyewe. Kila tarehe 16 Juni watoto wetu wanaimba na kucheza ngoma kwa Siku ya Mtoto wa Afrika, na siku hiyo inakumbuka wanafunzi wa Soweto waliopigwa risasi mwaka 1976 kwa sababu walikataa kufundishwa kwa Kiafrikaans. Mzazi mmoja aliniuliza: leo tunawalilia, kesho tunakifundisha? Swali lake ni la haki. Lakini tuangalie wale vijana walikataa nini. Serikali iliwalazimisha wasome hesabu na masomo mengine kwa lugha ambayo hawakuichagua, na ambayo walimu wao wengi hawakuimudu. Walikataa amri. Sidhani yupo kati yao aliyetaka mfanyakazi asimame mbele ya tajiri wake bila kuelewa anachoambiwa.

Na lugha yenyewe ina mama zaidi ya mmoja. Kabla haijawa lugha ya serikali mwaka 1925, wakubwa wa Cape walikuwa wakiidharau kama lugha ya jikoni, kwa sababu ilipikwa jikoni kweli: na watumwa walioletwa kutoka Asia na sehemu nyingine za Afrika, na Wakhoikhoi, na walowezi maskini. Baadhi ya maandishi yake ya zamani yako kwa herufi za Kiarabu, kama Kiswahili chetu cha pwani. Sheikh Abu Bakr Effendi aliwaandikia Waislamu wa Cape kitabu cha dini kwa Kiafrikaans cha herufi za Kiarabu, Bayan al-Din, na kikachapwa Istanbul mwaka 1877. Hata leo, huko Afrika Kusini, wengi wa wanaokizungumza nyumbani si Wazungu. Halafu tusijifanye malaika: hata Kiswahili cha Katanga kilienezwa kwenye makambi ya migodi, na vijitabu vingi ambavyo Wazungu wa Kongo walijifunzia Kiswahili vilijaa lete, beba, fagia, haraka. Bwana alijifunza kuamuru. Karatasi yetu ya Osire imeandika upande wa pili wa kijitabu kilekile: mtumishi anajifunza kuitikia.

Hoja ya pili inatoka kwa vijana. Eti Kiafrikaans ni rahisi, hakina sarufi, unaokota tu maneno. Hapa lazima nikae kidogo, maana kosa liko hapa.

Ni kweli kitenzi chake hakibadiliki kwa mtu. Ek werk, jy werk, hy werk, ons werk: mimi, wewe, yeye, sisi, kitenzi ni kilekile. Kwa mtu aliyezoea nafanya, unafanya, anafanya, ni raha. Lakini lugha haiwezi kukupa vyote bure. Kiswahili kinabeba kila kitu ndani ya kitenzi. Sema hatatulipa: neno moja, na ndani yake yumo anayelipa, wamo wanaolipwa, umo wakati, imo na kanusho. Kwa Kiafrikaans neno hilo moja linafunguka kuwa sita: Hy sal ons nie betaal nie. Kile ambacho sisi tunakifanya kwa viambishi, wao wanakifanya kwa nafasi. Neno likihama, maana inahama nalo. Sasa mtu anayekuambia hakuna sarufi ni kama mtu aliyeingia nyumba isiyo na milango ya mbao akasema haina vyumba.

Kanuni ya kukanusha inafundishika kwa asubuhi moja. Nie ya kwanza inakaa baada ya kitenzi kinachobeba wakati, na vijineno kama hom, dit, ons huwa vinaitangulia. Nie ya pili inafunga sentensi, mwisho kabisa. Ek eet nie vleis nie, sili nyama. Ek het nie gewerk nie, sikufanya kazi. Ikiwa nie ya kwanza tayari imeangukia mwisho, moja inatosha: Ek verstaan nie, sielewi. Ek ken hom nie, simjui. Maneno mengine ya kukana nayo yanaidai nie yao ya mwisho: Niemand het gekom nie, hakuna aliyekuja. Hy het my nooit betaal nie, hajawahi kunilipa.

Nikisema hivi, mwalimu wa kujitolea anacheka: kwa nini mkane mara mbili, lugha ya ajabu hii! Ajabu ni kwake, aliyekuja na Kiingereza mkononi. Sisi tuna nini cha kushangaa? Tuangalie Kiswahili chenyewe. Napenda, sipendi. Si imekaa mbele, na a ya mwisho imegeuka i. Umekana mara mbili katika neno moja na hujawahi kulalamika. Aliyesoma Kifaransa shuleni alichapwa viboko mpaka akaweka ne mbele na pas nyuma. Mkongo wa Bas-Congo ana ke na ko, moja huku, moja kule. Na Lingala, ambayo nusu ya kambi hii inaimba kila Jumapili, inaliweka te mwishoni kabisa. Nayebi mobali wana te, simjui yule mwanamume. Sasa sikia Kiafrikaans: Ek ken daardie man nie. Neno la kukana limekaa palepale, mlangoni pa kutokea. Hata majirani zetu Wanama na Wadamara, katika lugha yao wenyewe, wanaliweka neno la kukana baada ya kitenzi. Wataalamu wanabishana mpaka leo kama nie ya pili ilitoka kwa Wakhoikhoi au ilikuja na lahaja za Kidachi. Wabishane. Kwangu la muhimu ni kwamba mama anayeuza mandazi mlangoni kwangu tayari anayo kanuni hii mdomoni, kwa Lingala, na hakuna mtu aliyemwambia.

Badala yake tunapitishwa kwa Kiingereza. Darasa zima linasubiri watu wachache wenye Kiingereza waelewe, halafu wawatafsirie wengine. Na Kiingereza chenyewe kinaleta uchafu wake: mwanafunzi anakwenda kutafuta kile kitenzi kisaidizi ambacho Waingereza wanakitumia kukana, analeta doen, anasema Ek doen nie verstaan nie. Hakuna Mnamibia anayesema hivyo. Mkongomani huyohuyo angetoka moja kwa moja Lingala, nayebi te, asingekosea.

Mpangilio wa maneno nao uko hivyohivyo. Shule za Afrika Kusini zina kamba ya kukumbukia, wanaiita STOMPI, ambayo inafanana na neno lao la kichungi cha sigara kilichobaki. Herufi zinasimama kwa mtenda, wakati, kitendwa, namna, mahali, na kitenzi cha mwisho. Kitenzi cha kwanza kinachomekwa baada ya mtenda, na cha pili kinasukumwa karibu na mwisho. Ek het gister die hout stadig by die hek gekap: mimi, het, jana, kuni, polepole, getini, ndipo kukata. Ni kamba nzuri, mimi mwenyewe naitumia. Lakini itazameni: nie haina herufi yake humo! Watoto wa huko hawahitaji, wamezaliwa nayo. Sisi tumenakiliwa kamba hiyo vilevile, pamoja na tundu lake.

Na ukianza sentensi na kesho au jana, kitenzi kinaruka mbele ya mtenda: Môre kom ek, si Môre ek kom. Hilo ukikosea watakucheka kidogo, utaelewa, wataelewa, yanaisha. Sitapoteza karatasi hapo.

Makosa ambayo hayaishi kwa kicheko ni mengine. Chukua mtu aliyejenga uzio kwa wiki tatu. Siku ya malipo tajiri amesema: silipi. Mtu wetu anakwenda kulalamika, na kwa sababu anayemsikiliza anaelewa Kiafrikaans, anajikaza. Anataka kusema: alisema kwamba hatalipa. Hiyo ni Hy het gesê dat hy nie sal betaal nie. Lakini yeye ameshika kwamba nie moja inakwenda baada ya kitenzi cha kwanza, na nyingine mwisho, basi anasema: Hy het nie gesê dat hy sal betaal nie. Sentensi safi kabisa, haina kosa hata moja la sarufi. Maana yake: hakusema kwamba atalipa. Yaani hakukuwa na ahadi, hakukuwa na mapatano. Ametoa ushahidi dhidi yake mwenyewe, kwa adabu, na aliyemsikiliza ameandika alichosikia. Neno moja fupi limeruka maneno matatu, na wiki tatu za jua zimekwenda nalo.

Ukidhani natafuta mfano wa mbali, geuza kwa Kiswahili: hakusema atalipa, alisema hatalipa. Sisi tunajua tofauti hiyo tangu utotoni, tunaitumia hata kwenye ugomvi wa zamu ya bomba. Kwa nini tunapovaa lugha nyingine tuchukuliwe kama watu wasiohitaji tofauti hiyo?

Au kusaini. Mtu amewekewa karatasi mezani, anataka kusema si lazima nisaini leo. Anatafuta lazima, anapata moet, anaongeza nie: Ek moet nie teken nie. Aliyeketi ng'ambo anasikia: sipaswi kusaini, kama vile kuna mtu amemkataza. Tayari ameonekana mtu wa njama. Kiafrikaans kina neno lake la pekee kwa jambo hili, hoef: Ek hoef nie te teken nie, sina lazima ya kusaini. Na moenie ni usifanye: Moenie teken nie, usisaini. Moet nie na hoef nie, katikati yake kuna haki ya mtu, na sijaona mafunzo yoyote ya ulinzi hapa ambayo yamewahi kuyaandika ubaoni pamoja.

Kuna na lile la ndiyo yetu, ambalo linanitia hofu kuliko yote. Tajiri anauliza: Het jy nie die geld gevat nie? Hukuchukua pesa? Sisi, tukiulizwa hukuchukua, tunajibu ndiyo, yaani ndiyo, ni kama ulivyosema, sikuchukua. Huo ndio ustaarabu wa Kiswahili: unakubaliana na sentensi ya mwenzako. Basi mtu wetu anajibu kwa moyo mweupe: Ja. Tajiri anasikia: ndiyo, nimechukua. Jibu la pale ni Nee, na baada ya Nee useme sentensi nzima, usiache hata herufi: Nee, ek het dit nie gevat nie. Karatasi yetu imemfundisha mtu kusema Ja, meneer kwa kila kitu. Umeona sasa inampeleka wapi?

Rafiki zetu wa mashirika, najua mnasema nini kimoyomoyo. Mnasema: mwanzo ni mgumu, tuwape kwanza yale ya kuwapatia kazi, mtu anayekataa-kataa haajiriwi. Nawaheshimu, na wengine wenu mmekaa nasi miaka mingi kuliko hata baadhi yetu. Lakini hoja hiyo inachanganya kukataa na ukorofi. Jammer, meneer, ek kan môre nie kom nie. Samahani bwana, kesho sitaweza kuja. Ukorofi uko wapi hapo? Anayesema hivyo anaaminika kuliko aliyesema Ek sal môre kom kwa sababu ndiyo sentensi pekee aliyokuwa nayo, halafu kesho asionekane. Msimamizi mmoja wa shamba aliwahi kuniambia kwamba Wakongomani wanadanganya, wanakubali kila kitu. Hawadanganyi, bwana. Hawakupewa nie.

Tena kukana si kukataa tu. Ni namna ya kusema ukweli kwa vipimo. Kiswahili kina -ja-, tunu kubwa: sijapata si sawa na sikupata. Kiafrikaans kinayo pia, ni nog nie: Ek het my geld nog nie gekry nie, pesa yangu bado sijaipata, mlango bado uko wazi, nangoja. Kina na meer: Hy werk nie meer hier nie, hafanyi kazi hapa tena. Hata siku unaweza kuikana peke yake. Ek het gister nie gewerk nie, jana sikufanya kazi. Ek het nie gister gewerk nie, ukiikazia ile gister, ni kusema si jana nilipofanya kazi, ilikuwa siku nyingine. Mtu anayelipwa kwa siku anahitaji sentensi zote mbili.

Ninachodai si kikubwa. Karatasi ile ichanwe, iandikwe nyingine ambayo sentensi yake ya kwanza ni Ek verstaan nie na ya pili ni Praat asseblief stadig, tafadhali ongea polepole. Darasa lifundishwe kwa Kiswahili, na Lingala iwepo kama shahidi kila tunapofika kwenye te. Ile sentensi ya uzio iandikwe ubaoni kwa namna zote mbili, na kila mwanafunzi asimame aeleze nani amelipwa na nani amedhulumiwa, kabla hajaruhusiwa kwenda kwenye rangi na siku za wiki. Rangi atazipata dukani.

Walimu wapo. Kuna wazee hapa ambao wamekaa kwenye mashamba ya Otjozondjupa tangu miaka ya tisini, wanaongea Kiafrikaans kuliko baadhi ya wanaotumwa kutufundisha, ila hawana cheti. Kuna mabinti waliosoma shule za hapa ambao nie ya pili inawatoka bila kufikiri, na wakirudi nyumbani wanapika na kuongea Kifuliiru na mama zao. Hao ndio daraja. Waitwe, wapewe posho ileile anayopewa anayetoka mjini, na wapewe ubao. Chumba cha nyuma ya kanisa kiko wazi Jumamosi mchana. Nimeuliza kama kinaweza kutumika. Nimejibiwa nog nie.